Mchawi Aliyevaa Chupi Juu ya Suruali

Mama yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza mtaani kwetu Magomeni, pale Kilosa, kumgundua yule mchawi. Alimwona kwenye gazeti la picha lililokuja na treni. Alikuwa barazani anachambua mchele, akalichukua, akalitazama ukurasa wa mbele, na hakuhitaji kuambiwa na mtu. Mwanamume anaruka juu ya mabati usiku. Amefunika uso. Shuka linapepea mgongoni. Halafu, na hili ndilo lililowamaliza wanawake wenzake, amevaa chupi juu ya suruali.

"Mtu mzima mwenye akili zake," mama akawauliza, "anavaa hivi anakwenda wapi?"

Tangu siku ile yule mtu akawa mchawi, na mama ndiye aliyekuwa na habari zake.

Kwa kweli alikuwa shujaa. Gazeti liliitwa "Ngao ya Usiku", likichapwa Dar es Salaam miaka ya mwanzo ya sabini, na huyo mruka mabati ndiye Ngao mwenyewe. Mchana alikuwa karani mpole wa duka la ushirika, mwenye miwani na shati lililochakaa kola. Usiku alijifunga kitambaa usoni, akaruka, akawaandama walanguzi waliokuwa wakificha sukari na mafuta ya taa, akabeba magunia na kuyaacha milangoni mwa wananchi. Adui yake mkubwa alikuwa mlanguzi mmoja mnene, mwenye suti, kofia na gari refu jeusi. Yote hayo yaliandikwa wazi ndani ya viputo vya maneno juu ya vichwa vyao. Lakini mama hakujua kusoma, wala wanawake wa baraza letu hawakujua. Walikuwa na picha tu.

Sasa hebu zitazame hizo picha bila maneno. Bwana nadhifu, mnene, ana gari, amelala nyumbani kwake. Mtu aliyefunika uso anaingia ghalani mwake na kutoka na magunia. Bwana anaamka, anashika kichwa, anatoa machozi makubwa. Mama alimhurumia sana bwana yule. Alimfanya kuwa mkuu wa wilaya, tena mjane, aliyerogwa kwa sababu alikataa kumwoa dada wa mchawi. Wale wananchi waliopokea sukari milangoni walikuwa wachawi wenzake wanagawana. Na yule karani mwenye miwani, anayeonekana mchana tu na kutoweka mambo yanapochacha, mama alisema ni mganga: ukimhitaji humpati, ukiwa mzima huyo anakuja kunywa chai. Hapo wanawake walicheka mpaka mchele ukamwagika.

Magazeti alituletea mjomba, mdogo wake mama, aliyekuwa mhudumu wa behewa la chakula kwenye treni ya Reli ya Kati. Abiria waliyaacha kwenye viti, naye aliyakusanya na kumpa dada yake treni iliposimama Kilosa, wakati mama anauza maandazi madirishani. Kwa hiyo yalitufikia bila mpangilio wowote. La tano lilikuja kabla ya la pili. Jingine halina jalada, jingine limemwagikiwa mchuzi hadi huoni nani anampiga nani. Mimi niliyejua kusoma niliteseka. Mama hakuteseka hata kidogo, alikuwa anaunga mwenyewe.

Aliyasimulia alasiri, treni moja ikishapita na nyingine bado. Wanawake walikuja na kazi zao, huyu na ungo wa mchele, yule na kichwa cha mtoto cha kusuka. Mama alikuwa na sauti ya kila mtu. Mchawi alizungumza polepole kwa puani, mkuu wa wilaya kwa sauti nzito ya mkutano wa hadhara, na mabwana wakubwa wakibanwa sana walihamia Kisagara, lugha ya nyumbani kwetu, ambayo mama aliitumia kwa hasira na kwa mahaba tu. Baba alikuwa amefariki mimi mdogo. Shamba letu lilikuwa la kujikimu. Mama hakuwa na mume wa kumtaja wala mwana wa kiume aliyefanikiwa mjini. Alikuwa na baraza lile, na watu waliokuja kukaa hapo walikuja kwa ajili yake. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu yote yanayofuata yalikuwa yanaligusa.

Nilijua ukweli tangu gazeti la kwanza na sikusema neno. Ungeanzaje? Mbele ya watu wazima wote wale umwambie mama yako kwamba mchawi wake ni mtu mwema na mkuu wake wa wilaya ni mwizi wa sukari? Isitoshe, hadithi yake ilikuwa nzuri kuliko iliyoandikwa. Mwandishi wa "Ngao ya Usiku", popote alipo, anisamehe, lakini maneno yake yalikuwa yanahutubia mno. Ngao hakuweza kumpiga mtu ngumi bila kwanza kumweleza faida za kufanya kazi kwa pamoja.

Wachoraji ni habari nyingine kabisa. Hapo mimi mwenyewe nilikuwa nimetekwa, na mpaka leo sijaachiwa. Nimekutana na watu wanaojua magazeti ya picha ya zamani, wanayataja moja baada ya jingine mithili ya wachezaji wa timu zao, na hili hawalijui. Wanapolitazama wanasema, aa, karatasi mbovu, rangi imekosea mistari. Huwa napandwa na hasira. Ni kweli ilikuwa karatasi ya kijivu, na rangi zilikuwa mbili tu, nyeusi na nyekundu. Ni kweli ile nyekundu haikukaa mahali pake hata siku moja. Lakini tazama shuka la Ngao akiwa angani! Wekundu umebaki nyuma ya mstari kwa upana wa kidole, na kwa sababu hiyo unaliona linakwenda. Sijaona tena mtu akiruka vizuri namna ile.

Walikuwa wawili. Majina yao hayakuandikwa popote, ila nililitambua jambo hilo kwa kutazama tu, nikiwa nimelala kifudifudi kwenye mkeka. Mmoja alichora vitu vilivyonyooka: nyumba, magari, nguzo za simu, pamoja na herufi zenyewe, zilizoegemea mbele kidogo na kunenepa mtu anapopiga kelele. Mwingine alichora watu. Huyo ndiye niliyempenda. Vidole alivyochora vilikuwa na mafundo kama maganda ya karanga, na kila kidole kilikuwa na shughuli. Mtu wake akishika kikombe, unajua kama chai ina moto. Alichora visigino vilivyopasuka. Alichora wanawake wenye shingo za kubebea maji, na mtoto nyuma yao anayelia kwa mambo yake mwenyewe wakati Ngao anapigana. Hakuna aliyemwomba amweke yule mtoto, lakini yumo.

Nilipomaliza darasa la saba sikuchaguliwa kuendelea. Nililia, nikanuna, nikagoma kula, na kabla sijamaliza kununa balozi wa nyumba kumi akaja kumwambia mama kwamba kisomo cha watu wazima kinahitaji walimu. Yeyote aliyemaliza la saba anafaa. Nilipewa darasa la akina mama wa mtaa wetu, alasiri, kwenye chumba cha shule ya msingi watoto wakishaondoka. Wanafunzi wangu walikuwa baraza zima la mama, na mama mwenyewe akiwemo, dawati la mbele, goti juu kwa sababu dawati lilikuwa la mtoto wa darasa la kwanza.

Sijui kama walimu wa leo wanaweza kuelewa kazi ile. Mwalimu anaingia, na badala ya wanafunzi kusimama na kumwamkia, yeye ndiye anayetoa shikamoo. Niliwaamkia wote, wakanijibu kwa pamoja, "Marahaba, mwalimu," na mama aliivuta "mwalimu" yake kidogo ili nisije nikajisahau. Halafu kulikuwa na suala la kumwita mtu asome. Huwezi kumwita kwa jina mwanamke wa umri wa mama yako. Nikisema, "Mama, soma," wanasoma wote kumi na kitu. Nikimnyooshea chaki, nimemkosea adabu. Nilichofanya ni kusimama karibu na dawati lake na kukohoa.

Na kumwambia mtu mzima "umekosea" ndiyo haikuwezekana kabisa. Nilisema, "Mama, hiyo herufi imejificha kidogo." Au, "Hapo mwandishi ametuchanganya." Wote walikuwa hawajakosea kamwe, ni mwandishi tu aliyekuwa msumbufu. Walijifunza vizuri sana kwa njia ile, wakimlaumu mtu mwingine.

Kitabu chetu kilihusu kilimo cha pamba. Wanawake wale walikuwa wamelima pamba maisha yao yote, na kusoma kwamba pamba hupandwa kwa mistari kuliwachosha. Mimi nilikuwa na wasiwasi mwingine. Kila silabi niliyoiandika ubaoni ilikuwa inawasogeza karibu na vile viputo. "Sa, se, si, so, su," wanaimba, nami najiuliza ni lini mmoja wao atafungua "Ngao ya Usiku" na kusoma kitu kitakachomwangusha mama yangu mbele ya watu. Nilikuwa mwalimu pekee wilayani aliyeomba wanafunzi wake wasiwe na haraka.

Aliyekuwa na haraka ni jirani yetu wa mlango wa pili, mke wa fundi reli. Alikuwa mwanamke mkunjufu, mwenye akili nyepesi, na kwa miaka yote aliyoketi barazani kwa mama alikuwa akitafuta nafasi ya kusema na yeye. Alishika kusoma kabla ya wote. Siku moja akachukua gazeti kutoka kwenye kikapu cha mama, akaja nalo mbele.

"Mwalimu, pamba imetosha. Leo tusome hili."

Nilisema hatujaruhusiwa. Nilisema herufi zake ni ndogo. Wanawake wakaanza kugonga madawati, na mama ndiye aliyegonga kwa nguvu kuliko wote, maana alikuwa anajua hadithi yake ni njema. Jirani akaweka kidole kwenye kiputo kimojawapo. Ilikuwa picha ya Ngao ametua uani, na mama mmoja mwenye shingo ndefu ameduwaa na ndoo mkononi.

"U-si-o-go-pe. Usiogope. Ma-ma. Ni-me-ku-ja. Nimekuja ku-ku-sa-i-di-a." Akainua uso. "Mwalimu, huyu ni nani anasema?"

Mkia wa kiputo ulikuwa umeelekea mdomoni kwa Ngao, hata mtoto angeona. "Ni yeye," nikasema.

"Mchawi?"

"Ndiye."

Wanafunzi wangu waligeuka mmoja mmoja kumtazama mama, na mimi nikatazama sakafu. Nilitamani treni ipige honi, mvua inyeshe, balozi aingie, chochote kitokee.

Mama alijipanga vizuri kwenye kile kidawati chake.

"Kwani ninyi," akasema, "mlitaka mchawi aseme nini? Aseme, hodi, nimekuja kukuroga?"

Nadhani kicheko kile kilisikika mpaka stesheni. Jirani mwenyewe alicheka akaegemea ubao, mgongo ukajaa chaki. Mimi nililazimika kutoka nje, eti kuita mtoto anayepiga kelele.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Darasa liligawanyika: upande wa jirani, waliosema maneno ndiyo ukweli, na upande wa mama, waliosema picha. Wakaanza kusoma kwa uchu ambao kitabu cha pamba hakikuwahi kuuona. Walikimaliza upesi ili wapate kugombana. Jirani alisoma, "Mimi ni mtetezi wa wanyonge," akapiga kofi mezani: si amesema mwenyewe? Mama akamuuliza, na wewe ile kanga yako imeandikwa una subira, tuamini? Mama mmoja wa wafugaji, aliyekuwa akituletea maziwa na kukaa darasani mpaka mwisho, alitoa maoni mara moja tu katika mwaka mzima. Alisema shuka ni lao, ila amelifunga vibaya, na mtu anayefunga shuka hivyo hana ng'ombe. Pande zote mbili zilimdai kuwa shahidi wao.

Zilikuwa siku za raha, nami nilizifurahia kupita kiasi. Hata hivyo niliona kinachotokea. Mama alijifunza kwa shida kuliko wenzake, kwa sababu aligombana na kila neno kabla ya kulikubali, lakini alijifunza. Alifaulu mtihani wa kisomo. Baada ya hapo wakati mwingine nilirudi nyumbani nikamkuta peke yake na gazeti, midomo inacheza, na aliponisikia aliligeuza kifudifudi na kuuliza kama nimeona chumvi. Sikujua amefika wapi. Barazani aliendelea na mchawi wake, ila sasa kila alasiri alipaswa kujibu hoja, na jirani alikuwa na kiputo kwa kila jambo. Mmoja mmoja wanawake walianza kuhamia mlango wa pili, walikosomewa kilichoandikwa. Nyungo zikapungua kwetu. Mama akawa anasema leo kichwa kinamuuma, leo koo.

Halafu gazeti lenyewe likakoma. Karatasi ilikuwa adimu nchini, mjomba alisema, hata tiketi zilikuwa zinakatwa ndogo. La mwisho kutufikia lilimalizika mlanguzi amefungwa kamba na Ngao amepeleka mkono kwenye kitambaa cha uso ili akivue. Toleo la kutuonyesha alichovua halikuja. Kwa hiyo ubishi ulibaki bila mwamuzi, na mama akabaki na baraza lenye nafasi.

Serikali ilipoamua kila mtoto aende shule, walimu hawakutosha, na baadhi yetu tuliofundisha kisomo tukachukuliwa. Mimi nilipelekwa Mikumi. Mama alikuja kunitembelea kwa treni ya tawi la Kidatu, na kikapu cha mihogo, kuku hai, na lile gazeti la mwisho, la kusoma njiani, alisema, kwa kuwa abiria wa siku hizi hawana mazungumzo.

Nilimpeleka kunywa chai kwenye hoteli moja ya kando ya barabara ya Zambia, wanakoshukia madereva wa malori. Walikuwa wanapaka rangi ukuta wa ndani. Tembo walikuwa tayari, na twiga, na chini ya twiga mtu amekaa na kikombe. Niliingia, nikasimama. Vidole vya yule mtu vilikuwa na mafundo ya karanga. Chai yake ilikuwa na moto. Na nyuma yake palikuwa na mtoto analia kwa mambo yake mwenyewe.

Nilipiga kelele hadi mwenye hoteli akadhani nimeumwa na nyuki. Mchoraji alikuwa juu ya kreti za soda, kopo la rangi ya kijani mkononi. Nilimwuliza kwa pumzi moja kama aliwahi kuchora gazeti, na kama liliitwa vile, na kama alichora watu wakati mwenzake anachora magari. Alikuwa mwanamume wa makamo kidogo, mwenye aibu. Alisema ndiyo, ndiyo, na ndiyo. Tangu kazi isimame anazunguka na malori, anapaka kuta za hoteli na matairi ya mbele ya mabasi, hapana, yale mabati ya juu ya matairi. Hakuwa amewahi kukutana na mtu aliyelisoma.

Mama alisogea. Akaamkiwa, akaitikia.

"Mwanangu," akasema, "kwetu Magomeni watu wamekosana kwa ajili yako. Nataka uniambie kweli niende nayo. Yule mtu wako ni mchawi, au si mchawi?"

Niliona mkono wake ulivyoshika mkanda wa kikapu. Haukuwa utani kwake. Mchoraji mwenyewe akisema yule ni mchawi, mama anarudi na baraza lake. Akisema siye, basi limekwisha.

Mchoraji alitazama brashi. "Sijui, mama."

"Hujui vipi, na umemchora kwa mkono wako?"

"Mimi nilikuwa nachora tu. Mwenzangu ananiambia, hapa mtu anaruka, hapa mnene analia. Viputo nilikuwa naviacha vitupu. Maneno anaweka yeye nikishamaliza." Akashusha sauti ili mwenye hoteli asisikie. "Na mimi kusoma sijui, mama. Watu wakijua nimefanya kazi kwenye gazeti, wanadhani nimesoma. Sasa naona haya kwenda kisomo. Nilichojua ni kwamba yule mtu ana haraka."

Nilishikwa na furaha ya ajabu, nakiri. Mama alikuwa ameshinda! Mtu wa pekee ambaye angeweza kumpinga alikuwa mbele yake, hana maneno, anasubiri kuambiwa. Angeweza kumweleza lolote: mkuu wa wilaya mjane, dada wa mchawi, mganga mnywa chai. Angelipokea lote na kulitolea ushahidi.

Mama aliweka kikapu chini. Akafuta benchi kwa upindo wa kanga, akakaa, akatoa lile gazeti.

"Shuka huko," akamwambia. "Kaa hapa."

Akaweka kidole chini ya kiputo cha kwanza na kusoma kilichoandikwa. Nilisogea nyuma yake nifuate kwa macho, nikingoja mahali atakapopinda. Hakupinda. Alisoma polepole, neno kwa neno, lakini kwa sauti zake zote: Ngao kwa puani, mlanguzi kwa sauti nzito ya mkutano. Ngao akawa mwema. Mlanguzi akawa mwizi. Hata zile hotuba za kufanya kazi kwa pamoja alizisoma mpaka mwisho. Madereva waliacha kula. Mchoraji alikuwa amekaa sakafuni magoti juu, anatazama picha zake kana kwamba ameletewa barua kutoka kwao.

"Kumbe analilia sukari!" akasema kwenye ile picha ya machozi. "Mimi nilidhani amefiwa. Nilimpa machozi ya msiba."

"Ndiyo maana na sisi tulimhurumia," mama akasema.

Alicheka, kisha akafuta macho kwa mkono wenye rangi, kope zikawa kijani. Akaomba ukurasa ule urudiwe. Mama akaurudia. Alipofika mwisho alimwachia gazeti lile, akamwambia aende kisomo, na kwamba aibu ya kidawati inaisha haraka.

Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani kwangu nilimwuliza kwa nini hakumpa hadithi yake. Ilikuwa nzuri zaidi, nikasema, na nilimaanisha.

"Yale maneno ni yake," mama akasema. "Alikuwa hajapewa tu."

"Kwa hiyo ulijua siku zote kwamba si mchawi?"

"Nilijua tangu nilipojua kusoma. Wewe usimwambie mtu."

Likizo ilipofika nilikwenda Kilosa. Nilimkuta mama barazani, na habari kwamba amekutana na mchoraji ilikuwa imeshazunguka mtaa mzima. Mke wa fundi reli alikuja na ungo wake, akasimama uani, hakukaa. Wengine walikuwa nyuma yake.

"Tumesikia umemwona mwenyewe," akasema.

"Nimemwona. Macho kwa macho. Mwalimu huyu hapa ni shahidi."

"Umemwuliza?"

"Nimemwuliza."

"Akasema nini?"

Mama alichagua jiwe kwenye mchele, akalitupa. Alinitazama mara moja, nami nikakaza uso kwa nguvu zangu zote.

"Kasema hajui."

"Mchoraji mwenyewe hajui?"

"Hajui. Muulize mwalimu."

Wakaniangalia. Nikasema ni kweli, mama, kasema hajui. Jirani aliegemeza ungo kiunoni. Kisha akaguna, akavua viatu, na kumwambia mama asogee kidogo kwenye mkeka. Mama akasogea, akakohoa, na kuanza kwa sauti ya puani.